Swali la kabla ya moto

Abe Zelmanowitz alikuwa na miguu mizima. Septemba 11, 2001, ndege ilipogonga mnara wa kaskazini wa World Trade Center, New York, angeweza kushuka ngazi kutoka ghorofa ya 27. Hakushuka. Alibaki na rafiki yake Ed Beyea, aliyepooza mikono na miguu, na wote wawili wakafa.

Katika mnara uleule John Abruzzo, naye amepooza, alitoka salama kutoka ghorofa ya 69. Bomu lilipolipuka katika jengo hilo mwaka 1993, ilichukua saa nyingi kumtoa. Baadaye vikanunuliwa viti vya kuteremshia watu ngazini. Safari hii wenzake walikikunjua kimoja, wakamfunga mikanda, wakapokezana kumshusha mpaka nje. Chini ya kiti hicho kuna mikanda ya mpira inayolala kwenye kingo za ngazi na kupunguza kasi.

Zelmanowitz alikuwa Myahudi mshika dini. Talmud, kitabu cha mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inasimulia wasafiri wawili jangwani, mmoja ana kibuyu cha maji ya kumtosha yeye tu. Ben Petura akasema wanywe wote, hata wakifa. Rabi Akiva akasema uhai wako unatangulia wa mwenzako. Mimi Mkristo namheshimu Zelmanowitz mno, lakini swali linaloninyima usingizi ni la kabla ya safari: nani alifungasha kibuyu kimoja kwa watu wawili?

Ninatumia kiti mwendo, na ofisi yetu iko ghorofa ya tano, Posta, Dar es Salaam. Moto ukiwaka, lifti haitumiki. Nilipouliza nitashukaje, kijana wa mapokezi akanijibu kwa upendo kabisa: "Usijali mama, nitakubeba mgongoni." Namwamini, na hilo ndilo linalonitisha. Miguu yangu hukakamaa ghafla. Ikikakamaa kwenye kona ya ngazi, tutaporomoka wote. Ana mtoto mchanga nyumbani.

Tukifa, msibani watasema ni mapenzi ya Mungu. Siwezi kumbebesha Mungu bajeti ya jengo. Aliyetuagiza kupendana hakusema tungoje moshi. Kununua kiti cha kuteremshia watu ngazini na kufanya mazoezi ya kukitumia ni kumtii vilevile, na kunamwondolea kijana huyu uchaguzi ambao hakuna mwenye haki ya kumtwisha. Nimemwandikia mwenye jengo hivyo hivyo, na nimeomba viti viwili, kwa kuwa ghorofa ya saba kuna mzee anayetembelea magongo.