Macho Hayana Pazia

Kuna methali tunayoitumia kujitetea tukipatikana tunatazama kitu tusichofaa kutazama: macho hayana pazia. Ukikuta watu wamemzunguka mwizi anayepigwa pale steji ya matatu, muulize mmoja anafanya nini hapo. Atakuambia anaangalia tu. Kuangalia tu! Kana kwamba jicho ni dirisha lililoachwa wazi, na kinachopita mbele yake hakimhusu mwenye nyumba. Nataka kubishana na methali hiyo, na ushahidi wangu karibu wote unatoka Ufilipino, nchi ambayo sijawahi kuikanyaga.

Mimi ni shabiki, wacha niseme mapema. Nilianza kama wengi wa rika langu, na The Promise, ile tamthilia ambayo kwao inaitwa Pangako Sa 'Yo. Ilitengenezwa kati ya 2000 na 2002, ikatufikia baadaye ikiwa imetiwa sauti za Kiingereza zisizolingana na midomo. Yna na Angelo walitupasua mioyo, lakini aliyenishika mimi ni Amor Powers, mfanyakazi wa nyumbani aliyerudi akiwa tajiri kuwatia adabu waliomdharau. Wenzangu wengi waliishia hapo. Mimi nikaendelea. Nikagundua kwamba sauti ya Jasmine akiimba katika Aladdin, na ya Mulan akiimba, ni ya mtu mmoja, Lea Salonga wa Manila. Kutoka hapo nikaingia thieta, nikaingia filamu za zamani, na sasa nina umri wa kujiheshimu lakini bado nafuata BINI na SB19 kama mtoto wa fomu tu. Naweza hata kukueleza bifu ya mashabiki wa Nora Aunor na wa Vilma Santos, ambayo imeenda miongo na miongo. Fikiria Gor na Ingwe, ila uwanja ni sinema.

Sasa, swali langu. Mtu anayetazama mateso ya mwingine akiwa ameketi, tena akifurahia, anadaiwa nini?

Lilinijia Mei 2020. Hapa tulikuwa kwenye kafyu, jioni tumefungiwa. Kule Manila, kituo kikubwa cha runinga, ABS-CBN, kilikuwa kimetoka tu kuzimwa hewani baada ya leseni yake kuisha, na corona imefunga kumbi zote. Katikati ya hayo, onyesho la muziki la Ang Huling El Bimbo, lililopigwa jukwaani kwa mara ya kwanza 2018, likawekwa YouTube bure kwa saa 48. Nyimbo zote ni za Eraserheads, bendi iliyozaliwa 1989 katika Chuo Kikuu cha Ufilipino pale Diliman. Nililitazama mara mbili kabla muda haujaisha.

Stori ni hii. Vijana watatu wa chuo wanafanya urafiki na Joy, msichana anayefanya kazi katika kantini ya shangazi yake. Nusu ya kwanza ni raha tupu, utani, mapenzi ya kibubusa. Halafu usiku mmoja wanavamiwa na wanaume wenye nguvu kuwaliko. Vijana wanashikwa. Joy anabakwa. Baada ya usiku huo marafiki wale watatu wanatawanyika, kila mmoja na maisha yake, na Joy anaachwa na yake. Miaka inapita. Siku wanapokutana tena ni polisi wamewaita, kwa sababu Joy amekufa.

Baada ya zile saa 48 watu walibishana sana. Wengi walilalamika kwamba mateso ya Joy yamefanywa ngazi: wanaume wanaipanda, wanafika juu, wanajutia kwa sauti nzuri, tunawapigia makofi. Lalamiko hilo nakubaliana nalo kwa kiasi kikubwa. Lakini mimi kilichonisumbua kilikuwa karibu zaidi na mwili wangu. Wiki nzima iliyofuata nilikuwa naimba zile nyimbo nikiosha vyombo. Zilikuwa tamu. Utamu ule ulikuwa umefungwa pamoja na kile kitendo, kama nyama na mfupa, na sikuweza kuchukua mmoja nikaacha mwingine.

Turudi kwa wale vijana. Walitazama. Je, wana hatia? Mtu aliyeshikwa kwa nguvu, mwenye kumshika akiwa na uwezo wa kumuua, hatuwezi kumwambia angefanya kitu. Ukimlaumu kwa usiku ule unamwonea. Kosa lao ninaliona kesho yake. Asubuhi ile hakuna aliyewashika. Hakuna aliyewazuia kwenda kantini, kuketi, kusema hata neno la kijinga. Walishindwa kumtazama Joy usoni, kwa sababu kumtazama kungewakumbusha walichokiona. Kwa hiyo mimi nasema methali imekosea mahali. Wakati wa tukio, sawa, macho hayana pazia, unaona upende usipende. Pazia tunalishona baadaye, na tunalishona wenyewe.

Linganisha na Himala, filamu ya 1982 aliyoiongoza Ishmael Bernal, imeandikwa na Ricky Lee. Kama unapenda sinema na hujaitazama, kwa kweli unajinyima. Nora Aunor ni Elsa, msichana wa kijiji kikavu anayesemekana kumwona Bikira Maria na kuponya wagonjwa. Umati unamiminika, biashara zinafunguka, kijiji kinanenepa kwa imani. Humo kuna mtengenezaji wa filamu anayeitwa Orly, ametoka mjini na kamera yake. Elsa na rafiki yake wanabakwa, na Orly yuko mahali anapoweza kuona. Hakuna aliyemshika huyu. Ana kamera mkononi, na anaendelea kufanya kazi yake.

Orly ni dhambi tofauti na wale vijana watatu, na nadhani ni ya kisasa zaidi. Anajiambia kwamba kushuhudia ni kitendo tosha. Sisi tunaoishi na simu tunamjua vizuri Orly. Ajali ikitokea Thika Road, kabla mtu hajauliza kama dereva yuko hai, simu saba ziko juu. Mtu akikuuliza, unasema ni ushahidi. Wakati mwingine ni kweli, na video ndiyo iliyomfikisha muuaji kortini, kwa hivyo sisemi simu ishuke kila mara. Nasema kamera hailipi deni. Inaliandika tu kwenye daftari.

Kuna mtu ataniambia: tulia, Joy hayupo, Elsa hayupo, ni wahusika. Huwezi kudaiwa na mtu aliyebuniwa. Pingamizi hili ni zito kuliko linavyoonekana, na sitaki kulipita haraka.

Wafilipino wana dhana inayoitwa utang na loob. Utang ni deni. Loob ni ndani, undani wa mtu. Ni deni unalobeba baada ya mtu kukutendea wema ambao pesa haiwezi kuulipa: amekuokoa, amekulea, amekusimamia siku ya shida. Kwao pia hawakubaliani kuihusu, maana wanasiasa wanajua kuitumia. Nilikujengea daraja, nipe kura. (Unacheka? Hapa kwetu daraja hata halijengwi, linazinduliwa tu.) Na onyesho kwa Kitagalogi linaitwa palabas, neno lenye labas ndani yake, yaani nje. Wanaisimu wanisamehe nikiyacheza maneno haya pamoja: onyesho ni undani wa mtu uliotolewa nje, ukanifikia, ukaingia ndani yangu. Nimepokea kitu. Sasa ninamdai nani, au nadaiwa na nani? Utang na loob lazima iwe na uso. Huwezi kudaiwa na hewa.

Kuna wakati uso huo unajulikana kwa jina. Flor Contemplacion alikuwa mfanyakazi wa nyumbani Singapore. Alihukumiwa kwa mauaji, akanyongwa Machi 1995, huku Wafilipino wengi wakiamini kwamba hana hatia. Nchi ilichemka. Waziri wa mambo ya nje alijiuzulu, na kabla ya katikati ya mwaka ule kulikuwa na sheria mpya ya kuwalinda wafanyakazi walio ng'ambo. Mwaka huohuo filamu yake ikatoka, Nora Aunor akiwa Flor, na ikampa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Cairo. Nora mwenyewe alikuwa binti wa maskini, aliyeuza maji kwenye stesheni ya treni akiwa mtoto. Hapo mtazamaji hakuweza kusema ni hadithi tu. Lakini angalia mpangilio: sheria ilikuja nyuma ya jeneza. Watu walitazama kwa nguvu zote baada ya mtu kufa.

Ninayo sababu ya kushikilia hapa. Binamu yangu mmoja, ambaye namwita dada kwa sababu ndiye aliyenibeba mgongoni, alifanya kazi Riyadh miaka minne. Nyumba ile ilikuwa na wafanyakazi wawili, yeye na Mfilipino kutoka Iloilo aliyemwita Ate, ndiyo namna yao ya kumwita dada mkubwa. Aliporudi nilimvamia kwa furaha ya kishabiki. Nikamuuliza kama Ate alikuwa anaimba, maana si Wafilipino wote wanaimba? Akaniangalia kama mtu anayeangalia mtoto aliyevaa viatu kushoto kulia.

"Ate hakuwa anaimba," akasema. "Alikuwa anapiga pasi."

Nikanyamaza. Akaendelea bila kuulizwa. Siku moja bibi mwenye nyumba alimzaba Ate kofi jikoni, kwa sababu ya kanzu iliyoungua. Dada alikuwa pale kwenye sinki. Unajua mfumo wa kafala: viza yako iko mikononi mwa tajiri, na pasipoti yake dada ilikuwa imefungiwa kabatini. Alifanya nini? Hakufanya kitu. Aliangalia povu.

"Na usiku?" nikamuuliza.

"Usiku nikapika chai, nikampelekea. Nikakaa kitandani kwake. Sikuwa na la kusema, Kiarabu chetu kilikuwa cha jikoni tu. Tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kesho yake nikapiga pasi mimi, yeye akaosha vyombo, ili bibi asimkute kwenye pasi."

Nimeliwaza jambo hili kuliko kitabu chochote cha maadili nilichowahi kusomeshwa. Dada yangu alikuwa mahali pale pale walipokuwa wale vijana watatu: ameona, hana uwezo. Tofauti yao ni kikombe cha chai na kubadilishana zamu. Ukipima kwa faida ni kidogo mno, kofi halikurudishwa na bibi hakuadhibiwa. Hata hivyo siwezi kuliita si kitu, kwa sababu Ate aliamka kesho yake kukiwa na mtu nyumbani anayejua kilichotokea na bado anamtazama usoni. Joy hakupata hata hilo.

Basi je, shabiki aache kufurahia? Nimeshajaribiwa na jibu hilo, lina sura ya uchamungu. Kisha nakumbuka Rak of Aegis. PETA, kikundi cha thieta kilichoanzishwa 1967, kilileta onyesho hilo mapema 2014, miezi michache baada ya kimbunga Yolanda. Liko katika mtaa uliofurika maji yasiyoondoka, na maji ni ya kweli, yako pale jukwaani, waigizaji wanayakanyaga. Nyimbo ni za Aegis, bendi ya kina mama wanaoimba huzuni kwa sauti ya kupasua bati. Na watu wanacheka mpaka machozi! Hawakuomba ruhusa ya mwanafalsafa yeyote kucheka kwenye mafuriko yao. Mimi nikikunja uso kwa niaba yao nitakuwa nawanyang'anya kile walichokitengeneza kwa makusudi. Ila nao wanakataa sifa moja, ile ya kwamba Mfilipino ni mvumilivu, hazami. Wamechoka nayo, kwa sababu kila akisifiwa kwa kuogelea, mwenye kazi ya kuzibua mitaro anapumzika. Waliofurikiwa Mathare mwaka 2024 wanaijua sifa hiyo. "Wakenya ni wagumu." Nani alikuuliza?

Kwa hiyo raha naiacha ibaki. Ninachokataa ni ile raha inayokwisha pazia likishuka, na mtu akakunja mkeka wake akaenda. Nikipenda nyimbo za watu ambao kazi yao iliyosambaa kote ni kutunza nyumba za wengine, halafu video ya msichana wa kwetu analia kutoka Dammam ifike kwenye kundi la WhatsApp la familia, nami niiforwadi na kibonzo cha machozi nirudi kwa BINI, hapo nimekuwa Orly bila hata kamera nzuri. Kuna simu ya kupigwa, kuna mama wa msichana huyo anayeishi mtaa wa pili na haendi tena chama kwa aibu. Kitu cha kufanya si kikubwa kila mara. Chai ni shilingi ngapi?

Mwaka jana nilimwonyesha dada vipande vya El Bimbo nilivyovipata. Nilimwonya kuhusu ile sehemu, akaniambia tuiruke, tukairuka. Alitazama kimya mpaka mwisho, pale tunapojua kwamba Joy ameacha binti, jina lake Ligaya, ambalo kwa Kitagalogi ni furaha.

"Na huyo mtoto anabaki na nani?"

Nikaanza kumweleza kuhusu muundo wa onyesho, akanikata.

"Nimekuuliza mtoto."

Baadaye akamtumia Ate wimbo mmoja, kwa kuwa bado wanawasiliana, kila sikukuu. Ate sasa yuko nyumbani Iloilo na amefungua kaduka. Alijibu baada ya siku mbili kwa sauti iliyojaa kicheko, kwa kile Kiarabu chao cha jikoni, na dada akanitafsiria: Eraserheads ni ya watoto wa chuo, yeye hata hakuwahi kuisikiliza vizuri. Yeye ni wa Aegis. Halafu akaimba, mstari mmoja mzima, kwa sauti iliyofanya simu ikwaruze, na dada akaniangalia akasema, "Kumbe anaimba."