Israfu, Amana na Mota ya Waipa

Uamuzi wa kutengeneza au kubadilisha kifaa kilichoharibika huchukuliwa kwa kawaida kuwa suala la bei, lakini katika maadili ya Kiislamu una uzito zaidi, kwa kuwa mali ni amana, yaani kitu alichokabidhiwa binadamu akitumie na akitolee hesabu. Israfu, ambayo ni kuvuka kiasi hata katika jambo la halali, imekatazwa katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, na ingawa aya hiyo yataja mavazi, chakula na kinywaji, wanazuoni wameieneza hukumu yake kwenye matumizi ya mali kwa jumla.

Mota ya waipa katika gari la zamani yaonyesha ugumu wa hukumu hiyo. Ndani yake, umeme wa volti 12 hupitia kwenye brashi, yaani vipande vidogo vya kaboni vinavyobanwa na springi juu ya komyuteta, ambayo ni duara la vipande vya shaba linalopeleka umeme kwenye koili za rota. Kaboni huisha kwa msuguano, grisi ya gia huganda kwa miaka, na komyuteta hufunikwa na uchafu; lolote kati ya hayo laweza kuisimamisha mota ambayo koili na sumaku zake ni nzima kabisa.

Yaweza kupingwa kwamba mota nyingine hupatikana kwa urahisi, hivyo kuitupa ya kwanza si hasara. Hata hivyo, hadithi iliyopokewa na Ibn Majah yakataza kufuja maji ya udhu hata kando ya mto unaotiririka, na ijapokuwa wapokezi wake wametiliwa shaka, maana yake imekubaliwa na wanazuoni wengi: wingi wa kitu hauhalalishi kukifuja. Isitoshe, wingi huo una gharama isiyoonekana dukani, kwani katika migodi mingi duniani tani nzima ya mawe hutoa chini ya kilo 10 za shaba.

Lakini kutengeneza nako kuna mpaka. Kanuni ya kisheria inayokataza kudhuru nafsi na kudhuru wengine humlazimisha mwenye gari kubadilisha mota iliyoungua koili au kulika meno ya gia, ikiwa haiwezi tena kutegemewa, kwa sababu dereva asiyeona njia wakati wa mvua humhatarisha pia mpita njia ambaye hakushirikishwa katika uamuzi. Kung'ang'ania mota hiyo ni ubahili, na Sura ya Al-Furqan, aya ya 67, huwasifu wanaosimama kati ya ubahili na israfu.

Kwa kuwa kitendo kilekile cha kubadilisha chaweza kuwa israfu au wajibu kulingana na hali ya koili na gia, wajibu wa kwanza ni kujua, na kujua hupatikana kwa kuifungua mota na kuipima. Hapo ndipo amana ya fundi inapozidi ya mwenye mali, kwa sababu mteja hana njia ya kuhakiki anachoambiwa. Fundi anayeihukumu mota kuwa imekufa bila kuichunguza amemnyima mwenzake uwezo wa kutenda haki katika mali yake, hata kama mota aliyoifunga badala yake itafanya kazi vizuri.