Rangi Iwe ya Mwisho

Vijana wangu, mnanijia na swali lile lile: nimepata Land Rover 109, pikapu ya zamani, nianzie wapi? Na kabla sijafungua kinywa mmeshanionyesha kwenye simu rangi mliyoichagua. Nawaomba muiweke rangi kando kwa muda. Gari hili liliundwa ili mwenyewe aweze kulitengeneza, na anayetaka kulifufua lazima aanzie mahali ambapo mpita njia haoni, yaani chini ya uvungu.

Lifahamuni kwanza mnalolishika. Land Rover ilionyeshwa kwa umma mara ya kwanza mjini Amsterdam, Aprili 1948. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini Uingereza chuma kilikuwa bado kinatolewa kwa mgawo, wakati alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo bodi ikaundwa kwa alumini na chesisi ikabaki ya chuma. Uamuzi huo ndio unaoeleza karibu kila tatizo mtakalokutana nalo. Bodi haishiki kutu, basi gari huonekana zima hata linapokuwa limeoza. Nimeona pikapu ambazo milango inafunga vizuri, sanduku la nyuma limenyooka, mtu akalipa pesa yake yote papo hapo, kumbe chini pamebaki ganda.

Hiyo 109 ni inchi, umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, sawa na sentimita 277. Toleo la Series II lilianza 1958, likafuata IIA mwaka 1961, kisha Series III kuanzia 1971 hadi 1985. Hapa kwetu zilifanya kazi za polisi, za misheni, za hospitali, za mabwana shamba, za askari wa wanyamapori. Iliyolala nyuma ya nyumba ya babu yako inawezekana iliwahi kupeleka dawa vijiji ambavyo barabara yake ilikuwa mto mkavu. Kwa hiyo ishughulikieni kwa heshima.

Jambo la kwanza kabisa ni karatasi. Magari mengi ya aina hii yaliuzwa kwa mnada, yakapita mikono mitatu minne bila mtu kubadilisha jina kwenye kadi. Namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma chenyewe, mbele upande wa kulia, kwenye mshikio wa springi. Suguni uchafu kwa brashi ya waya mpaka isomeke, mlinganishe na kadi, na namba ya injini vilevile. Zisipolingana, msitoe hata senti ya kishika uchumba mpaka muuzaji amekwenda mamlaka ya mapato, TRA, na kurudi na majibu.

Kisha chukueni tochi na nyundo ndogo, mlale chini. Chesisi hii ni boksi la chuma lililochomelewa, lina uwazi ndani. Tope huingia kwenye matundu, likakaa humo masika hadi masika, likala chuma kutoka ndani kuja nje. Gongeni polepole kutoka mbele hadi nyuma, kama mnunuzi anavyogonga tikiti sokoni. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa mlio mfu, unga mwekundu hudondoka usoni, na pengine ncha ya nyundo huzama yote. Pagongeni sana pale kwenye boriti ya nyuma kabisa, inayobeba ndoano ya tela, na kwenye mikono inayotoka pembeni kushika bodi. Ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva nao ni chuma, na sakafu yake huoza pembeni, chini ya mkeka wa mpira.

Fundi akikwambia atabandika bati juu ya kutu na kupaka rangi nyeusi, mshukuru, uondoke. Kiraka cha haki hukatwa mpaka kwenye chuma kizuri, kikachomelewa pande zote. Ikiwa sehemu kubwa imeliwa, huko Uingereza bado wanatengeneza chesisi mpya zilizochovywa zinki. Ni ghali, pamoja na meli na ushuru, lakini ukiipata umemaliza kazi ya chesisi kwa maisha yako yote, na pengine ya mwanao.

Baada ya chesisi, breki. Injini isiponguruma, iacheni kwanza. Kila kijana anataka kusikia mlio kwanza, ajirekodi, awatumie wenzake, na nawaelewa, lakini gari linalowaka na halisimami ni hatari kwa mtaa mzima. Series II, IIA na Series III nyingi zina mzunguko mmoja tu wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, breki zote zimekwenda. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo gari lililosimama miaka lina maji ndani ya mabomba na silinda zimeshika kutu. Badilisheni mabomba, hosi na mipira ya silinda, yote, hata ile inayoonekana nzima. Anayewaza kushuka mlima wa Kitonga na mabomba ya enzi ya baba yake hajawahi kukanyaga pedeli ikashuka hadi kwenye bati.

Sasa vifaa. Boliti za gari hili ni za inchi. Spana ya 13 itaingia kwenye nati ya nusu inchi, maana nusu inchi ni milimita 12.7, na mtadhani imekaa. Mkivuta kwa nguvu, spana inateleza, kona za nati zinalika, na kazi ya dakika mbili inakuwa kazi ya patasi na moto. Nunueni seti moja nzuri ya inchi kabla ya kununua spea yoyote. Boliti iliyokwama ipakeni mafuta ya kupenya jioni, muiache ilale, muirudie asubuhi.

Na msilivunje gari zima kwa mkupuo. Hapa ndipo 109 nyingi zimefia: kijana anafungua kila kitu kwa furaha ya likizo, vipande vinaingia kwenye magunia, likizo inakwisha, ada za watoto zinakuja, na magunia yanauzwa kwa uzito wa chuma chakavu. Fungueni sehemu moja, itengenezeni, ifungeni, ndipo mwende nyingine. Pigeni picha kwa simu kabla ya kugusa waya au bomba. Boliti za kila sehemu ziwe kwenye kopo lake, na kopo liandikwe. Na muwe na daftari la tarehe, kilichobadilishwa na bei yake. Wahenga walishasema mali bila daftari huisha bila habari, na hakuna mali inayohitaji daftari kama hii.

Injini ya petroli iliyozoeleka ni ya lita 2.25, sentimita za ujazo 2,286. Naipenda kwa sababu ukifungua boneti unaona ardhi. Mkono unafika kila mahali. Kurekebisha valvu ni somo la kwanza ninalompa kijana, na nitalieleza hapa kwa sababu likieleweka, mengine hayatishi. Injini ikiwa imepoa, toa kifuniko cha juu. Zungusha injini kwa mkono mpaka valvu unayoipima iwe imefunga kabisa. Ingiza fila geji ya inchi 0.010, yaani robo milimita, kati ya roka na kichwa cha valvu. Iteleze ikiburuta kidogo, isiwe huru wala isikwame. Kama haiko sawa, legeza nati, zungusha skrubu kwa bisibisi, kisha kaza nati huku bisibisi imeshika palepale, maana nati hupenda kuondoka na skrubu. Halafu pima tena baada ya kukaza. Hiyo pima tena ndiyo inayomtofautisha fundi na mtu aliyeshika spana. Valvu nane, asubuhi moja, na injini iliyokuwa ikigonga inatulia.

Hedi ikishushwa kwa sababu yoyote, waambieni wachongaji wawawekee viti vigumu vya valvu za ekzosti. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006, jambo jema sana kwa vichwa vya watoto wetu. Lakini injini hizi ziliundwa zama ambazo risasi hiyo ilikuwa inavilinda viti hivyo visilike.

Kwenye umeme, tazameni kabla ya kufunga betri. Magari yaliyotoka kabla ya mwaka 1967 hivi hufungwa waya chanya kwenye bodi, kinyume cha tulivyozoea. Mkiunga redio ya kisasa bila kuangalia, mtanusa moshi.

Betri ikiwa imekufa kuna hendeli ya kuzungusha injini kwa mkono. Atakayeishika asikilize vizuri: dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, usilizungushe kukumbatia chuma. Injini ikipiga nyuma, hendeli inarudi kwa nguvu ya pistoni na gumba lililokumbatia linavunjika. Vuta kutoka chini kuja juu, wala usiisukume kwenda chini.

Kuendesha pia kuna adabu yake. Kwenye Series II na IIA, gia ya kwanza na ya pili hazina sinkromeshi. Ukitaka kushusha kutoka ya tatu, kanyaga klachi, toa gia, achia klachi, kanyaga moto kidogo, kanyaga klachi tena, ingiza. Mkilazimisha, meno yatalia mpaka kijiji kijue. Kitufe cha njano hushindiliwa chini kuunganisha magurudumu ya mbele, na wenzo mwekundu ni wa gia nzito. Kwenye lami kavu acheni magurudumu mawili ya nyuma yafanye kazi.

Bodi sasa. Alumini haichomelewi na fundi wa mageti, ataitoboa. Inataka gesi ya agoni na mkono uliozoea, la sivyo tumieni ribiti, kama ilivyotoka kiwandani. Panapokutana alumini na chuma mtaona unga mweupe, kwa kuwa metali hizo mbili zikilowa pamoja, alumini huliwa. Safisheni, pakeni praima pande zote mbili, wekeni kipande cha mpira katikati. Pati isitumike kujaza mabonde. Mtikisiko wa barabara zetu utaimwaga yote. Mikwaruzo michache ya kazi iacheni, ni historia ya gari. Baada ya hapo, rangi mnayoitaka.

Wengine watawashauri mtoe injini na kuweka dizeli ya Kijapani. Mwenye gari la kumlisha simlaumu, ana watoto. Lakini wewe unayefanya kwa mapenzi, ukitoa injini utakuwa umebaki na bodi tu, na furaha ya kuifahamu mashine hii mpaka ndani utakuwa umeiuza. Spea zake bado zipo: Gerezani na Kariakoo kwa walio Dar es Salaam, Unga Limited kwa sisi wa Arusha. Spea ya breki tu msiitafute kwa bei ya chini. Na gari likishapona litembezeni kila wiki, muache joto lifike kwenye oili, maana likisimama mipira hukauka na breki hushika.

Oktoba 2024 Land Rover zilijaa hapa Arusha kwenye tamasha lake, za kila umri na kila hali, na vijana walikuwa wengi kuliko wazee. Nilifurahi mno. Lakini waliokuwa wakifungua giaboksi za magari haya katika karakana za serikali na za misheni wanazidi kupungua, na mengi wanayoyajua hayamo katika kitabu chochote. Katika kila mji wenu yupo mmoja, anakaa barazani, na hakuna anayemuuliza. Nendeni kwake mwezi huu. Mchukueni mkamuonyeshe gari, mlipeni siku yake ya kazi kama fundi, na anachosema kiandikeni kwenye daftari.