Kipaji au Uthabiti? Swali la Juu ya Barafu

Vijana wakikaa kijiweni hawakosi kubishana nani zaidi: yule mwenye kipaji cha kuzaliwa, au yule ambaye kila siku yupo palepale, leo vizuri, kesho vizuri. Kwa kawaida ubishi huu huwa wa mpira au wa wanamuziki. Mimi leo nataka tuupeleke mbali, kwenye mchezo wa wanawake wa kuteleza juu ya barafu. Usicheke. Najua barafu tunayoijua wengi wetu ni ile ya kwenye kifuko, ya kunyonya jua likiwaka. Lakini sijaona mchezo unaolipima swali hili kwa ukatili kama ule. Binti anaingia uwanjani peke yake, chini ya viatu ana chuma chembamba, muziki unaanza, na ana dakika kama nne za kuonyesha kazi ya miaka kumi na zaidi. Akianguka, hamna mwenzake wa kumtupia lawama.

Tuanze na neno lenyewe. Kipaji kinatokana na kupa. Ni kitu ulichopewa. Sasa kama umepewa, sifa ni ya nani? Mtu hasifiwi kwa kuzaliwa mrefu. Ukifuata hoja hiyo utasema sifa yote iende kwa uthabiti, maana huo mtu huujenga mwenyewe, asubuhi kwa asubuhi. Hoja nzuri, siyo? Ila tukiipeleka uwanjani inaanza kuyumba.

Mtazame Michelle Kwan wa Marekani. Kuanzia mwaka 1996 hadi 2004, kila mashindano ya dunia alirudi na medali: dhahabu tano, fedha tatu na shaba moja. Ubingwa wa nchi yake aliuchukua mara tisa. Huo ndio uthabiti, hauna jina jingine. Lakini dhahabu ya Olimpiki hakuipata kamwe. Mwaka 1998 kule Nagano aliongoza baada ya mchezo mfupi. Katika mchezo mrefu hakuanguka hata mara moja, lakini aliteleza kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani, anayeogopa tone lisimwagike. Akafuata Tara Lipinski, mtoto wa miaka 15, akacheza kama yuko uani kwao. Waamuzi sita kati ya tisa wakampa Lipinski. Mwaka 2002 kule Salt Lake City, Kwan akaongoza tena baada ya mchezo mfupi. Safari hii akaanguka, akaambulia shaba. Dhahabu ikaenda kwa Sarah Hughes, miaka 16, aliyekuwa wa nne usiku wa kwanza, na ambaye maishani mwake hakuwahi kuwa bingwa wa dunia wala wa Marekani.

Hapo watu hugawanyika. Wapo wanaosema Olimpiki ndiyo kipimo, aliyeshinda kashinda. Wapo wanaosema Kwan alidhulumiwa na siku mbili mbaya. Mimi naona wote wanachanganya maswali mawili. Swali la kwanza ni nani alikuwa bora siku ile. Siku ile Hughes alikuwa bora, basi, dhahabu yake ni halali. Swali la pili ni nani alikuwa mtelezaji mkubwa. Hilo haliwezi kujibiwa na usiku mmoja, kama vile huwezi kuujua urefu wa mto kwa kuchota kikombe. Ushindi ni wa siku. Ukubwa ni wa miaka. Tukilikubali hilo, Kwan hahitaji kuonewa huruma na Hughes hahitaji kuombewa radhi.

Lakini Nagano inatufundisha jambo jingine ambalo watu wa uthabiti hawapendi kulisikia. Uthabiti unaweza kugeuka woga. Ukizoea kutokuanguka, unaanza kucheza ili usianguke, na hapo ule moto uliokufikisha pale unazimika polepole. Nauita uthabiti wa kulinda. Una faida yake, ila siku ya siku unaweza kukunyima kile kidogo kinachobaki.

Sasa twende Asia. Mwaka 1988 Midori Ito wa Japani alikuwa mwanamke wa kwanza kutua mruko wa Axel wa mara tatu katika mashindano. Mruko huu ni mgumu kuliko wenzake kwa sababu mtelezaji anaruka akitazama mbele na kutua akirudi nyuma, kwa hiyo mizunguko mitatu inakuwa mitatu na nusu. Olimpiki ya mwaka 1992, Albertville, dhahabu ilitarajiwa kuwa yake. Akaanguka katika mchezo mfupi. Katika mchezo mrefu akaujaribu ule mruko, akaanguka tena. Mtu wa kulinda angeacha. Ito, miguu imeshachoka na muziki unakaribia kuisha, akaujaribu mara ya pili, akatua. Hakuna mwanamke aliyekuwa amefanya hivyo katika Olimpiki. Alipata fedha, nyuma ya Kristi Yamaguchi wa Marekani, ambaye mruko huo hakuwa nao.

Aliyeurithi mruko ule ni Mao Asada, Mjapani mwenzake. Asada na Kim Yuna wa Korea Kusini walizaliwa mwezi mmoja, Septemba 1990, kana kwamba mtu aliwapanga makusudi ili sisi tubishane. Kule Vancouver mwaka 2010 Asada alitua Axel tatu katika mashindano yale, jambo ambalo mwanamke mwingine hakuwahi kulifanya. Kim hakuruka hata moja. Akashinda Kim, pointi 228.56 kwa 205.50. Tena Kim, tangu alipokuwa kwenye mashindano ya vijana mpaka alipostaafu mwaka 2014, hakuwahi kutoka nje ya nafasi tatu za juu. Hakuwahi!

Wengi husema hapo: unaona, bidii imekishinda kipaji. Nakataa. Tazama kasi ya Kim akiingia kwenye mruko, tazama mikono yake inavyousikiliza muziki, halafu uniambie ile siyo kipaji. Uthabiti siyo kipaji cha maskini. Hata utulivu wa moyo mbele ya maelfu ya watu ni kitu ambacho mwingine anazaliwa nacho na mwingine anakitafuta hadi uzeeni. Kwa hiyo ile hoja yetu ya mwanzo, kwamba kipaji umepewa na uthabiti umejijengea, haisimami. Vyote viwili vina sehemu uliyopewa na sehemu uliyoongeza. Ninachokisifu mimi ni ile nyongeza.

Na nyongeza naiona vizuri zaidi kwa Asada, kule Sochi, Februari 2014. Mchezo mfupi uliharibika wote. Alianguka kwenye Axel yake, akashika nafasi ya 16. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka. Asada hakujikwaa, alianguka, tena kweupe. Kesho yake medali ilikuwa imeshakwenda, hamna cha kupigania. Akarudi, akaruka ileile Axel, akatua, akapata pointi 142.71, alama zake za juu kabisa katika mchezo mrefu. Kwa jumla akawa wa sita. Wa sita! Mwezi uliofuata akawa bingwa wa dunia kwa mara ya tatu. Huo nauita uthabiti wa kurudi, na kwangu mimi ndio mkubwa.

Hata hivyo, kabla hatujaanza kupiga makofi, tujiulize: uthabiti huu tunaudai kwa nani? Mwaka 2022 kule Beijing, Kamila Valieva wa Urusi, miaka 15, aliongoza mchezo mfupi huku dunia nzima ikizungumzia kipimo chake kilichokutwa na dawa iliyokatazwa. Mchezo mrefu ulipofika akaanguka, akamaliza wa nne. Januari 2024 mahakama ya michezo ilimfungia miaka minne. Sheria ni sheria, sibishi. Lakini mtoto wa miaka 15 hajizungushi peke yake. Nyuma yake wapo watu wazima. Chama cha kimataifa cha mchezo huo, mwaka uleule 2022, kiliamua kupandisha umri wa kushindana na wakubwa kutoka 15 hadi 17. Maana yake walikiri kwamba uthabiti unaokamuliwa kutoka kwa mtoto siyo fadhila yake. Ni deni letu sisi watazamaji.

Sasa sisi tunaoshika kalamu. Kati yetu wapo walioandika hadithi moja kali walipokuwa kidato cha tatu, wakasifiwa, na tangu siku hiyo wanailinda ile sifa kwa kutoandika nyingine. Wapo wanaoandika kila wiki, ukurasa ule ule salama, hawathubutu neno jipya. Na wapo wachache ambao mswada wao umerudishwa, wamelala, wameamka, wamekaa tena mezani na sentensi ileile iliyowaangusha. Hawa hawajui kama wana kipaji. Mimi nami sijui kama ninacho, na kwa umri wangu ningependa sana kujua. Ila swali hilo halijibiwi kwa kukaa kijiweni. Bandu bandu huisha gogo, lakini aliyelianza gogo hakuhakikishiwa kwamba ndani yake mna mtumbwi.

Anayeona uthabiti wa kulinda ndio bora, aandike atujibu. Ubishi bado mbichi.