Kutamani Zama za Wengine

NewJeans, kundi la pop la Seoul, walipotoa wimbo “How Sweet” Mei 2024, mkubwa katika wasichana wao watano alikuwa na miaka 20, mdogo 16. Mdundo wa wimbo huo, hata hivyo, ni wa Miami ya miaka ya 1980, hip-hop ya besi nzito iliyovuma kabla hawajazaliwa. Je, mtu aweza kutamani zama asizoziishi bila kujidanganya?

Kazi yangu ni kufunga mitambo ya muziki kwenye harusi, na mdundo huo naujua kwa kifua kabla ya masikio. Besi yake, ya mashine ya midundo ya Roland TR-808, ikigonga haikatiki upesi. Inavuta, koni ya spika inatetema, shati linatikisika mwilini. Mashine hiyo ilitoka Japani mwaka 1980, haikuuzika sana, na 1983 ikaachwa kutengenezwa. Zilizokwishatumika zikauzwa bei ya kutupa, zikaangukia mikononi mwa vijana Weusi wa Marekani, na hao ndio walioipa uhai. Sasa sauti ile imerudi Asia kupitia Seoul.

Njiani ilipita kwenye machungu. Liberty City, mtaa uliolea besi ya Miami, uliwaka moto Mei 1980 baada ya polisi walioshtakiwa kwa kifo cha Arthur McDuffie, mtu Mweusi, kuachiwa huru. Miaka michache baadaye vijana wa hapo wakafunga spika viwanjani, kazi kama yangu, watu wakacheza. Katika wimbo wa Seoul moto ule hausikiki kabisa.

Wapo wanaouita wimbo huo wizi. Mimi sikubali. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, anajiuliza tunaitafutaje heri tusiyoijua, na anashangaa kwamba mtu hukumbuka huzuni yake ya zamani bila kuhuzunika tena. Naona muziki hufanya hivyo kati ya watu wasiojuana: furaha inasafiri, jeraha linabaki kwa mwenyewe. Walioutengeneza mdundo ule walitaka uchezwe. Anayeucheza hajawadhulumu.

Ila shukrani wanadai, na deni hilo naliona langu pia, kwa kuwa nakula kwa mdundo wao. Nikiupiga “How Sweet” ukumbini, natanguliza “Planet Rock” wa Afrika Bambaataa, wa 1982, uliotumia mashine ileile. Vijana wakija mezani kuuliza huo wa kwanza ni wa nani, nawaandikia jina kwenye simu zao, pamoja na mwaka.