Majina yenye herufi na majina matupu

Mwaka jana nilifanya kosa dogo kwenye kompyuta, na mpaka leo linanisumbua.

Kikundi chetu cha vijana hapa Kyambogo kiliandaa siku ya mazungumzo juu ya afya. Mimi ndiye nilipewa kazi ya kuchapa karatasi ya programu. Wazungumzaji walikuwa sita: watatu wa mashirika, watatu wa kwetu, wakimbizi. Majina ya wa mashirika niliyatoa kwenye barua pepe zao, nikayabandika vile yalivyo. Ya watu wetu niliyaandika kwa kichwa, maana ninawajua. Mama fulani, Papa fulani, basi.

Siku yenyewe mama mmoja aliyekuwa muuguzi Bukavu kwa miaka mingi akaisoma ile karatasi polepole, halafu akaniita pembeni.

"Mwanangu, hawa wageni wako na BA, wako na MPH. Sisi tuko na nini?"

Nikamjibu, "Mama, sisi ni familia. Kwetu hakuna mambo ya vyeo."

Akacheka kidogo. "Basi ungetoa za wote."

Sikuwa na jibu. Na mbaya zaidi ilikuja baadaye. Wakati wa maswali, vijana walipeleka mambo yao ya homa na dawa kwa yule mwenye MPH. Yeye alikuwa mtu mkweli, akasema kazi yake ni kupanga miradi, hajawahi kumtibu mgonjwa. Muuguzi alikuwa amekaa viti viwili kutoka kwake. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Tangu hapo najiuliza: mtu aweke elimu yake kando ya jina, au asiweke?

Zamani ningesema asiweke. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa Uganda tuna mfano ambao watu bado wanaucheka: Idi Amin, ambaye shule aliisoma kidogo sana, alijiita Daktari na Field Marshal, na nyuma ya jina akapanga VC, DSO, MC na CBE, hiyo ya mwisho eti kwa sababu ameishinda himaya ya Waingereza. Tanzania, mwaka 2017, serikali ilitangaza kwamba watumishi wa umma 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi. Kumbe cheti kinaweza kusema uongo. Halafu mtazame Julius Nyerere. Alisoma Makerere, akapata MA yake Edinburgh mwaka 1952, lakini watu walimwita Mwalimu, jina la kazi aliyoifanya kweli darasani.

Lakini angalia vizuri. Jina la Mwalimu alipewa na watu waliomjua. Chema kinajiuza kwenye soko ambalo watu wanakijua. Yule mama, kule mtaani kwake Bukavu, hakuhitaji herufi yoyote. Usiku mtoto akichomwa na homa, watu walijua mlango wa kugonga. Huku Kampala jirani yake wa ukuta mmoja hajui. Mwenye kuhama anaacha nyuma ushahidi wote wa maisha yake, na ushahidi mkubwa ni wale watu waliomwona akifanya kazi. Kinachobaki ni karatasi, kama haikuungua.

Na sisi tunaishi kwenye kilima cha karatasi. Chuo Kikuu cha Kyambogo kiko hapa, kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, linaloamua digrii ya nje inalingana na ipi ya Uganda, liko hapa Kyambogo pia. Cheti cha sekondari kinapimwa na UNEB. Kwetu Kongo muuguzi anaandika A1 au A2, mwalimu anaandika D6, na kila mtu anaelewa. Ukivuka mpaka, herufi hizo zinakuwa bubu. Ukisema una "licence" ya chuo kikuu, mtu anafikiri ni leseni ya udereva. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 22, unataja kabisa kutambuliwa kwa vyeti vya nje. Ninawakumbusha hasa ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika: kwa mkimbizi, herufi mbili nyuma ya jina si lazima ziwe majivuno. Pengine ni kitu pekee alichovuka nacho.

Sisemi kila mtu ajipambe. Nimeona mikutano ambapo mzee akianza na "mimi kama msomi", vijana wote wanainama kwenye simu zao na hakuna anayefungua mdomo tena. Cheo cha namna hiyo kinafunga mlango. Pia kuna ukweli wa kulinda. Muuguzi wa Kongo ambaye hajasajiliwa na baraza la wauguzi la Uganda hawezi kuandika A1 mlangoni na kuanza kuchoma watu sindano. Herufi ni ahadi kwa mtu atakayekuja na shida, na ahadi lazima iseme mpaka wake.

Kwa hiyo mimi naipima hivi: hizi herufi zinamsaidia nani? Kama zinamsaidia msikilizaji kujua amuulize nani, ziandikwe. Kama kazi yake ni kumnyamazisha, zikae nyumbani. Na kwenye karatasi moja, sheria iwe moja. Kuwavua wengine na kuwaacha wengine wamevaa si usawa.

Lazima nikiri na jambo la mwisho. Mimi nina S.4. Sina herufi za kuweka popote. Nilipomwambia mama "kwetu hakuna mambo ya vyeo", nilijiona mnyenyekevu, kumbe nilikuwa mnyenyekevu kwa mali ya mtu mwingine. Asiye na cheti ni mwepesi kusema vyeti si kitu.

Siku hizi, kabla ya kuchapa programu, napitisha karatasi yenye maswali mawili kwa wote, wa mashirika na wa kwetu: Tukuite nani? Watu wakuulize kuhusu nini? Yule mama aliporudi kuzungumza tena, aliandika jina lake, akaweka A1, Bukavu. Kwenye swali la pili akaandika: homa za watoto, na kunyonyesha.

Siku hiyo mazungumzo yalipoisha, wasichana wanne walibaki wamezunguka kiti chake. Mimi nikaendelea kupanga viti vingine.