Je, Anayebaki Amekubali?

Kampuni za simu na intaneti hupenda kusema kwamba mteja yuko huru: asiyeridhika na ahame. Ndani ya maneno hayo mna hoja ya kimaadili, nayo ni kwamba kubaki ni kukubali. Kama mtu amekuwa mteja kwa miaka mitatu, basi ameridhika na bei, kasi na masharti, na malalamiko yake hayana uzito. Insha hii inauliza kama hoja hiyo ni ya kweli. Jibu langu ni kwamba ni ya kweli pale tu ambapo mtu anaweza kuondoka na kilicho chake.

Hoja yenyewe ni ya kale. Katika Crito, kitabu cha Plato, Socrates yumo gerezani akisubiri kuuawa, na rafiki yake anamsihi atoroke. Socrates anakataa. Anaziwazia Sheria za Athens zikimweleza kwamba kila raia aliyekwisha kukua na kuuona mwenendo wa mji aliruhusiwa, kama haukumpendeza, kuchukua mali yake na kwenda popote. Yeye alikaa humo miaka 70, basi aliafiki. Ninaomba tulitazame sharti hilo la mali. Mji unaomwambia raia aende zake lakini aache nyuma mifugo na akiba yake haujampa ruhusa ya kuondoka. Umemtoza faini.

David Hume, katika insha yake ya mwaka 1748 kuhusu mkataba wa asili, aliipinga hoja hii kutoka upande wa maskini. Mtu anayeishi kwa ujira wa kutwa, asiyejua lugha wala desturi za nchi nyingine, hawezi kuhesabiwa kuwa amechagua kubaki kwao. Ni sawa na mtu aliyepakiwa melini akiwa usingizini, kisha akaambiwa kwamba kwa kuwa hajajitupa baharini, ameukubali utawala wa nahodha.

Je, mteja wa simu hapa Lubaga anafanana na raia wa Athens au na abiria wa Hume? Ukitembea kutoka kilimani kwenye kanisa kuu kuteremka hadi Nateete, utaona namba za simu zimeandikwa kwa rangi kwenye milango ya maduka: fundi cherehani, fundi bomba, mwuza matofali. Namba hiyo imesajiliwa kwa kitambulisho chake cha taifa. Ndiyo anayotumiwa pesa, na ndiyo wateja wa miaka kumi wanayo kwenye simu zao. Kampuni ilimpa tarakimu tu; thamani yake ameijenga mwenyewe kwa kazi. Lakini hapa Uganda anayehama kampuni huiacha namba yake nyuma. Fundi anayebaki huenda hajaridhika hata kidogo. Amepiga hesabu ya hasara, basi.

Intaneti ya nyumbani ina kamba ya aina nyingine. Nyumba ninayopanga na wenzangu watatu ilichukua ruta kwa mkataba wa miezi 12. Tulimaliza kulipa kila shilingi. Mtandao ulipokuwa dhaifu kila jioni, wakati tunapotuma kazi za chuo, tulitaka kuweka laini ya kampuni nyingine. Ruta ilikataa, kwa sababu imefungwa isipokee laini isiyo ya waliotuuzia. Tunamiliki kifaa ambacho bado kinamtii muuzaji.

Atakayenipinga atasema: ahadi ni deni. Kampuni ilitoa ruta kwa bei nafuu ikitegemea kwamba mteja atakaa, na anayeondoka mapema ameila hasara ya mwenzake. Ninaikubali hoja hii kabisa. Mwenye mkataba wa mwaka anayetaka kutoka mwezi wa nne alipe kilichobaki cha bei ya kifaa. Hilo ni deni, na deni lina kiasi kinachojulikana, hupungua kadiri unavyolipa, na huisha. Kifungo kinachobaki baada ya deni kuisha hakiwezi kutetewa kwa methali hiyo hiyo.

Pingamizi la pili linatoka kwa majirani zetu. Kenya iliruhusu kuhama mtandao bila kubadili namba mwaka 2011, na Tanzania mwaka 2017. Kenya waliohama walikuwa wachache. Je, hiyo si dalili kwamba watu wameridhika? Sidhani. Aliyeihamisha namba yake kutoka Safaricom aliondoka nayo, lakini M-Pesa ilibaki huko. Alipewa mlango, na sehemu kubwa ya mali yake ikazuiwa mlangoni. Hesabu ya waliohama haiwezi kuthibitisha ridhaa ikiwa kuhama kwenyewe ni kwa nusu.

Tena, uhuru huu hauko sawa kwa pande mbili. Oktoba 2021 Africell ilifunga shughuli zake Uganda. Wateja waliolazimika kutafuta laini nyingine hawakuwa wamevunja ahadi yoyote; aliyeondoka ni mwenye mtandao. Kampuni inaweza kupiga hesabu ya faida na kuondoka nchini. Mteja akipiga hesabu hiyo hiyo, anaambiwa habari za uaminifu.

Sisemi kwamba kila anayebaki ni mfungwa. Wapo wanaobaki kwa sababu huduma ni nzuri, na ridhaa yao ni halisi. Ninachosema ni kwamba hatuwezi kuwatofautisha na wengine mpaka kuondoka kuwe na bei ya haki. Kabla ya Celtel kuanza mwaka 1995, simu ilikuwa mikononi mwa shirika moja la serikali, na hakuna aliyeita kubaki kwetu kuwa ni kuchagua. Sasa kampuni zimeongezeka, na tumeanza kuliita hivyo. Kabla ya kulitumia neno hilo, tumwulize yule fundi wa Nateete: ukiondoka leo, utaondoka na nini?